Aliyeitwa Mama Aidan

Maposeni,
9 Februari 2025

Mdogo wangu Aidan,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila goti la kushoto siku hizi linajua mvua itanyesha lini kabla ya redio. Mahindi yametoka vizuri, yale ya upande wa barabara yamenizidi kimo. Wifi yangu Mwanne hajambo? Mwambie korosho za kwao Tunduru nimezificha chini ya kitanda, maana jirani yangu Notburga akija kunisalimia haondoki mpaka aone chini ya bakuli.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Kwenye simu nikikuuliza jambo zito, mtandao wako unakata. Karatasi haikati. Barua hii nampa kondakta wa basi la Dar pamoja na maharage, uvipokee hapo Msamvu ukitoka kazini.

Hukuniambia kwamba umetoa kitabu. Nimekijua kwa Leticia. Mwalimu wao wa Kiswahili pale sekondari mjini, kijana anaitwa Remmy, alikinunua mwenyewe, akawapa wanafunzi wakisome likizo ya Desemba. Mtoto kaingia nyumbani anapiga kelele, "Bibi, babu Aidan kaandika riwaya!" Nikakichukua hicho kitabu nikaenda nacho kanisani Jumapili. Macho yangu hayawezi herufi ndogo za kitabu, zinatembea kama sisimizi, lakini jina lako kwenye jalada ni kubwa na nililiona. Nikawaonyesha watu wa jumuiya yetu mmoja mmoja. Unajua wanavyoniita hapa. Mama Aidan. Hata nilipomzaa mwanangu wa tumboni walishindwa kunibadilishia jina. Basi siku ile Mama Aidan alitembea kifua mbele.

Mchana nikawa nachambua ulezi wa kimea, Leticia ananisomea. Akafika kwa huyo Mama Pipa wako, mwanamke anayepika pombe ya komoni, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto kutoka kwenye kiwiko hadi kidole gumba. Nikautazama mkono wangu nikacheka. Leticia hakucheka. Akasoma kidogo tena, akafunga kitabu, akasema, "Bibi, kurasa za mbele zimechanika." Nikamwambia haya, kaniangalizie moto.

Alipotoka nikakipapasa kitabu. Vidole vyangu bado vinaona. Kitabu kizima, hakuna palipochanika. Sikumwuliza kitu.

Nitumie kingine, mlongo wangu. Atanisomea Notburga, macho yake hayajaharibika, kilichoharibika ni mdomo tu.

Dada yako,
Getruda

---

Morogoro,
2 Machi 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Maharage tumeyapokea, na Mwanne ameyapika kwa nazi, akasema wifi yake hana mpinzani kwa maharage. Sisi wazima. Chuo kimefunguliwa na wanafunzi ni wengi kuliko viti. Pole na goti. Usiache kwenda Peramiho wakuangalie na macho pia.

Kuhusu kitabu, samahani sikukueleza. Ni kazi ndogo tu, ya kujaribu, sikutegemea ifike huko. Nakala nilizokuwa nazo zimekwisha na wachapishaji hawajatoa nyingine. Nikipata nitakutumia. Usihangaike sana kukisoma, kina maneno magumu ya kitaaluma na mambo ya mjini ambayo yatakuchosha.

Mama Pipa ni mhusika wa kubuni. Mwandishi huokota jicho hapa, mguu kule, akaunganisha mtu ambaye hayupo. Kovu la moto wanalo wanawake wengi wanaopika kwa kuni.

Kwenye kifurushi kuna kitenge cha bluu, Mwanne amekichagua mwenyewe. Kivae ukienda kanisani. Msalimie sana Leticia, mwambie babu yake anajivunia akili zake.

Mdogo wako,
Aidan

---

Maposeni,
30 Machi 2025

Mdogo wangu Aidan,

Marahaba. Kitenge nimekipokea, kizuri. Tuko Kwaresima kwa hiyo sitakivaa bado. Mzee Rupert wa kule chini amefariki, tumemzika Jumanne. Mvua ya juzi imelaza mahindi ya majirani, yangu yamesimama.

Kitabu nimekisikia chote. Notburga alikiazima kwa mwalimu mmoja hapa, hicho kitabu kisicho na nakala. Amenisomea mpaka mwisho, na safari hii mdomo wake ulikosa utani. Alipofunga alisema tu, "Pole, Mama Aidan." Akaenda kwake bila kuonja hata korosho moja.

Sasa nisikilize. Miaka yote niliyopika komoni, kila mwanaume niliyempa kata ya pili nilimwambia, "Kunywa, uende kwako." Hapa wote wanayajua hayo maneno. Wengine walikuwa wananitania nayo njiani. Jua likianza kuinama nafunika pipa, hata mtu alie. Rupert, Mungu amrehemu, nilimkatalia mara nyingi mke wake akiwa amesimama pale njiani na mtoto mgongoni. Mama Pipa wako naye ana msemo wake. Anawaambia, "Kunywa, kwako kuna nini?" Umechukua mkono wangu, ukachukua pipa langu, ukachukua mpaka mdomo wangu, ukaugeuza.

Anatia dawa kwenye pombe ili wanaume wasahau wake zao. Analala nao nyuma ya kilabu. Mwisho kilabu kinaungua naye yumo ndani, watu wanashangilia, na kijiji kinapona. Nilikaa kwenye mkeka nikajililia mwenyewe kama mtu aliyefiwa. Kisha nikamwuliza Notburga swali, akarudi kutafuta, akakosa. Yule kijana msomi wa kwenye kitabu, yule anayekuja kuwaokoa watu, nani alimlea? Anatoka tu shuleni ameshavaa viatu. Hana mtu aliyempikia uji.

Hayo yangu ningeyameza. Nina tumbo kubwa. Lakini ngoja nikueleze ya siku ya kutembelea wanafunzi.

Nilikwenda mjini na karanga za kukaanga na mafuta ya Leticia ya kupaka. Tumekaa chini ya ukuta wa bwalo, anakula. Akapita huyo mwalimu Remmy, kijana mwenye heshima, akanipa shikamoo. Akasema, "Bibi, mjukuu wako ana kichwa. Nimewapa swali, jadili nafasi ya mwanamke katika riwaya ile, yeye amewashinda wote." Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi ya Leticia, akaanza kunisomea kwa furaha ili na mimi nifurahi. "Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Mfano, Mama Pipa anatumia mwili wake na pombe kuwanasa wanaume. Pia mwanamke amechorwa kama chanzo cha kuvunjika kwa ndoa. Mfano, Mama Pipa." Kila mfano, Mama Pipa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika kikapu, na jua linaupiga.

Leticia alikuwa anatazama ardhi. Karanga zimejaa mdomoni hawezi kutafuna.

Nikasema, "Ameandika vizuri, mwalimu." Ungetaka niseme nini? Mwalimu hakujua kitu. Akasema shukrani bibi, akaenda zake.

Nilirudi nyumbani na aibu ambayo hata sijui ni ya nani. Sikuiba, sikuzini, lakini njia nzima nilificha mkono ndani ya khanga.

Wewe unafundisha mambo haya, basi nieleze. Chombo cha starehe maana yake nini? Mimi najua vyombo. Pipa ni chombo, kata ni chombo, chungu ni chombo. Hiyo starehe ni ya nani, na mimi nilistarehe lini?

Getruda

---

Morogoro,
27 Aprili 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha na Pasaka ikaingia katikati. Natumaini mlikula vizuri na kwamba Leticia alikuja nyumbani. Poleni kwa msiba wa mzee Rupert. Huku mvua imezidi, barabara ya nyuma ya nyumba imekuwa mto.

Barua yako imenisikitisha. Nakuomba unielewe kidogo. Hayo maneno si matusi, ni lugha ya darasani tu. Tunapochambua kazi ya fasihi tunatazama mwanamke amechorwaje. Kuna mama mlezi, kuna mwanamke jasiri, kuna mwanamke mwenye msimamo, kuna chombo cha starehe. Mwanafunzi anaokota sifa na kuitolea mfano ili apate maksi. Wote tulipita huko. Leticia hakuwa na nia mbaya, na mimi sikuwa nayo. Fasihi ni kioo cha jamii, na katika jamii yetu ulevi umeharibu nyumba nyingi, hilo hata wewe huwezi kulikataa. Nilitaka kuonyesha tatizo. Nilipoonyesha tatizo ilibidi liwe na sura.

Narudia kwamba Mama Pipa si wewe. Mtu akiniuliza popote nitasema hivyo.

Mwanne ameisoma barua yako. Nilikuwa nimeiacha mezani. Tangu siku hiyo ananiandalia chakula, anakifunika, anaenda kukaa nje na kitabu changu. Jana nilimwuliza una nini, akasema, "Natafuta ukurasa ambao wifi yangu anakupikia uji." Huyo naye ana maneno.

Nitakutumia dawa ya goti.

Mdogo wako,
Aidan

---

Maposeni,
18 Mei 2025

Aidan,

Tumeanza kuvuna. Goti ni lile lile, dawa usitume.

Kioo cha ukutani kwangu kina ufa, lakini nikijitazama namwona Getruda. Hicho chako kina mtu mwingine aliyevaa mkono wangu.

Leticia hakuja Pasaka. Alituma ujumbe kwamba ana homa, halafu nikasikia yuko Mpitimbi kwa shangazi yake na anacheza rede na wenzake. Sasa ametuma tena, likizo ya Juni atakuwa huko huko. Mama yake anapiga simu kutoka Tunduru ananiuliza, "Mama, mtoto umemfanya nini?" Nimjibu nini? Mtoto huyu alilala mgongoni kwangu tangu anaachishwa ziwa. Alikuwa akifunga shule begi lake linafika mlangoni kabla ya miguu yake. Sasa anaona aibu kuja kwangu.

Sijui kama anaona aibu kwa sababu bibi yake ni Mama Pipa, au kwa sababu aliandika vile nami nikasikia. Ningejua ni ipi ningelala.

Sitaki ubadilishe kitabu. Sitaki kitenge. Nataka uje usimame mbele ya wale watoto, na Leticia akiwemo, useme mwanamke anayepika komoni pale Maposeni ni nani. Hilo tu. Ukiweza kuandika uongo ukaenea mpaka huku, na ukweli utaweza kuusema mara moja.

Getruda

---

Morogoro,
15 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Barua yako fupi niliisoma nikaenda kuiweka kabatini, nikaitoa, nikairudisha. Mwisho Mwanne akasema, "Wewe unaogopa karatasi." Ni kweli niliogopa.

Nitakueleza jambo ambalo Mwanne hajui. Mara ya kwanza nilipoandika kitabu hiki Mama Pipa alikuwa wewe. Alikuwa anafunika pipa jua likiinama. Alikuwa anasema "Kunywa, uende kwako." Yule kijana alikuwa na mtu wa kumpikia uji, na mtu huyo alikuwa na kovu. Nilipeleka mswada kwa wachapishaji, wakampa mtu wao asome. Akaniita ofisini, akaagiza chai, akasema hadithi nzuri lakini huyu mama hana mvuto. Akasema mwanamke wa kilabuni akiwa mwema msomaji haamini, na hata walimu watakosa cha kuwapa wanafunzi. Mtie dosari, akasema. Mtie moto kidogo.

Nilikubali, chai yangu ikiwa bado ya moto. Sikubishana hata neno moja. Nilirudi nyumbani nikamharibu, na nitakwambia kibaya zaidi. Kumharibu ilikuwa rahisi. Nilipomwandika mwema nilikuwa nasimama kila baada ya mistari michache, nawaza angesema nini, angekaa vipi, maana sikuwahi kukuuliza. Nilipomwandika mbaya kalamu ilikimbia yenyewe. Wanawake wabaya nilikuwa nimeshawasoma wengi, walikuwa tayari kichwani wananisubiri. Nilichofanya ni kumvalisha mmoja wao mkono wako.

Ndiyo sababu sikukuambia kuhusu kitabu. Nakala ninazo, ziko chini ya meza yangu. Nilikudanganya.

Nimempigia simu mwalimu Remmy. Amefurahi sana, anasema shule haijawahi kutembelewa na mwandishi. Wamepanga Jumamosi ya katikati ya Julai wakishafungua. Nitakuja na nitasema. Tafadhali uwepo, uvae kile kitenge cha bluu nikuone nikiwa mbele.

Aidan

---

Morogoro,
3 Agosti 2025

Dada Getruda,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea salamu. Nilifika salama, na tangu nifike sijaweza kukaa kuandika mpaka leo.

Baada ya siku ile ya shuleni niliondoka kesho yake alfajiri bila kukuaga vizuri. Nilisema basi halingoji. Basi lilikuwepo jingine saa nne, na wewe ulilijua hilo, ukanifungia mihogo ya njiani. Mihogo ile sikuila.

Ulikuwepo, uliona. Lakini wewe ulikuwa nyuma ya bwalo, mimi nilikuwa mbele, acha nikueleze nilivyoona.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilipokaribishwa, mkuu wa shule akasema maneno mengi ya kunisifu, msomi wetu, fahari ya Ruvuma, watoto wakapiga makofi. Nikakuona na Notburga kwenye kiti cha mwisho, kitenge cha bluu, mkono wa kushoto umeuweka wazi juu ya mapaja, hukuuficha. Nikaanza. Nilizungumza juu ya uandishi, juu ya kusoma, juu ya lugha yetu. Nilipofika pale nilipotakiwa kufika, nikafungua mdomo kusema "dada yangu." Nikaona nyuso za walimu, nikaona mkuu wa shule anaandika, nikawaza jinsi watakavyonitazama wakijua fahari yao imelelewa kwa pipa la komoni. Mdomo ukasema, "Mama Pipa anatokana na mama mmoja wa kijijini, mwanamke mwema sana, ambaye sikumtendea haki."

Mama mmoja wa kijijini. Nilisikia mwenyewe nikisema hivyo. Makofi yakapigwa, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, niliona nimemaliza kazi.

Halafu mwalimu Remmy akauliza nani ana swali. Leticia akanyoosha mkono. Sikumtambua mara moja, amekuwa mrefu. Akasimama akauliza kwa adabu, "Mwandishi, huyo mama mmoja wa kijijini anaitwa nani?"

Dada, alikuwa ananipa nafasi. Mtoto wa miaka kumi na saba alininyooshea mkono kama mtu aliyeanguka mtoni. Na mimi nikamjibu, "Katika fasihi, jina si muhimu. Muhimu ni dhamira."

Alibaki amesimama. Akageukia wenzake. Alikuwa analia lakini sauti haikukatika. Akasema, "Anaitwa Getruda. Ndiye bibi yangu, yule pale nyuma mwenye kitenge cha bluu. Nilimwandika chombo cha starehe nikapewa maksi nyingi. Yeye hajawahi kumnywesha mtu mpaka giza. Anawaambia kunywa, uende kwako. Na huyu mwandishi ni mdogo wake, yeye ndiye aliyemlea."

Bwalo zima likageuka kukutazama, kisha likageuka kunitazama mimi. Sijui hata nilikaa saa ngapi. Najua tu kwamba wewe ulisimama polepole kwa sababu ya goti, ukaenda kumkumbatia Leticia katikati ya madawati, na ulipopita mbele yangu hukunitazama kwa hasira. Ningependa ungekuwa na hasira. Ulinitazama kama unavyotazama mahindi ambayo hayakukomaa.

Sikumwambia mtu yeyote pale, na wewe najua hukumwambia Leticia, kwamba pombe ya moto ilikumwagikia mkononi kwa sababu mimi nilikuwa nakimbia jikoni nawe ukanisukuma pembeni. Leticia anadhani ilimwagika tu. Ningeweza kulisema hilo siku ile. Lilikuwa mdomoni.

Naona aibu, dada. Naona aibu nikiamka, naona aibu nikisimama mbele ya wanafunzi wangu na kuandika ubaoni "nafasi ya mwanamke." Juzi niliandika hayo maneno, nikayafuta, nikayaandika tena, mpaka wakadhani naumwa. Mwanne nimemweleza kila kitu. Hajanisema. Amesema tu kwamba kitenge ulichovaa kilikupendeza.

Nataka kuandika upya kile kitabu cha mwanzo. Niambie kama naweza kuja nikakaa hapo siku kadhaa, nikuulize yale ambayo sikukuuliza.

Ndugu yako,
Aidan

---

Maposeni,
7 Septemba 2025

Aidan,

Marahaba. Salamu nimeipokea, mimi siyo mtu wa kurudisha salamu njiani. Goti limepata nafuu tangu jua lizidi. Mahindi nimeshayapukuchua, mengine nimeyaweka ya mbegu. Notburga amejukuu, wa kike, analia kama bibi yake. Mwanne alinipigia simu wiki iliyopita tukaongea mpaka salio lake likaisha. Mpe salamu zangu.

Leticia amekuja. Shule ilifunga wiki ya mapumziko, na jioni ya siku ile ile begi likafika mlangoni kabla ya miguu. Akala, akalala. Kesho yake mchana nikatoa ulezi, akatoa kitabu chako, akaja kukaa pale pale. Akasema, "Bibi, zile kurasa hazikuwa zimechanika." Nikamwambia najua. Akalia, nikamwacha alie, kisha nikampa ungo apepete, maana ulezi haungoji machozi yakauke. Nilikuwa namwuliza Mungu aibu yake ni ya namna gani. Ilikuwa ile ya pili, ya kuniandika vile nami nikasikia. Sasa nalala.

Mwalimu Remmy naye amekuja mpaka hapa nyumbani kuomba radhi. Kijana mzuri. Nilimpa togwa, siyo komoni, asije akaniandikia na yeye. Anasema watoto wa darasa lake wameanza kumsumbua. Kila akiwapa swali la mwanamke amechorwaje, wanamwuliza kwanza nani aliyemchora.

Unataka kuja kukaa uniulize. Njoo. Ni nyumba uliyokulia, huhitaji ruhusa, chumba chako bado kina kile kitanda cha kamba. Nitakujibu nitakayotaka kujibu. Ya mkono nitamweleza Leticia mwenyewe siku nikitaka, hiyo siyo yako kuandika. Na ukija, ujue utapepeta ulezi kama mtu mwingine.

Kuna kitu kimoja nataka ukijue kabla hujafika, usije ukashangaa njiani. Zile habari za bwaloni zilifika hapa kabla yangu, si unajua Notburga. Jumapili iliyofuata nilipoingia kanisani watu walinipisha kwenye benchi la mbele. Mama mmoja akasema, "Karibu, Bibi Leticia." Na mwingine tena, wakati wa kutoka. Mpaka sasa ndiyo hivyo, sokoni, kisimani, kwenye jumuiya. Hakuna aliyekaa kikao wala kupanga. Midomo yao tu imeliacha lile jina la zamani.

Ilikuwa inanijia niwasahihishe. Nimeitwa Mama Aidan tangu nina miaka kumi na tano, na sijawahi kulikataa jina hilo hata pale lilipomkimbiza mchumba wangu wa kwanza, aliyedhani nilikuzaa nje. Nilifungua mdomo pale nje ya kanisa niwaambie. Nikaona sina cha kuwaambia.

Nimewaacha waite.

Ni mimi,
Bibi Leticia